Tairi lipi linakaa kwenye rimu ipi: mwongozo kamili kwa wenye baiskeli wa Unguja na Pemba

Msimu wa karafuu uliopita kijana mmoja alinijia kibandani, kando ya barabara ya Chake kwenda Wete, baiskeli anaikokota na tairi jipya kalivaa begani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika kichwa?"

Akanieleza kuwa baiskeli yake ni ya ishirini na sita, tairi alilonunua mjini ni la ishirini na sita, lakini tangu alfajiri linakataa kuingia. Vijiko viwili vya mama yake vimeshapinda. Nililigeuza tairi nikasoma ubavuni: 26 x 1.75. Nikaitazama rimu. Ilikuwa ya baiskeli ya Kijapani, ya 26 x 1 3/8. Hata angeleta vijiko kumi, lisingeingia, kwa sababu rimu ile imelizidi tairi lile kipenyo kwa milimita 31. Ndiyo ni ishirini na sita zote mbili, lakini si saizi moja.

Kesi kama hii naipata kila wiki, na inaniuma, kwa kuwa pesa ya tairi si ndogo kwa mtu anayechuma karafuu au anayechuuza samaki. Kwa hiyo nimekaa kuandika jambo hili lote tangu mwanzo: kwanza namna ya kujua kama tairi litaingia, halafu namna ya kujua kama upana wake unafaa kwa rimu uliyonayo.

Kwa nini inchi zinadanganya

Namba ya inchi haisemi ukubwa wa rimu. Tangu zamani ilikuwa inasema ukubwa wa gurudumu zima likiwa limevaa tairi na kujazwa upepo, kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje. Piga hesabu uone. Rimu ya Kijapani niliyoitaja ina kipenyo cha milimita 590 pale unapokaa waya wa tairi, yaani ule uliofichwa ndani ya ukingo wake. Ongeza tairi la milimita 37 juu na jengine 37 chini, unapata 664, yaani inchi 26 na kidogo. Sasa chukua rimu ya baiskeli ya milimani, ambayo ni 559. Ongeza 50 juu na 50 chini: 659, nayo ni inchi 26. Nje zinalingana, ndani zimeachana mbali.

Kuna mtego mwengine hapo, nao ni wa sehemu na desimali. Skulini tumefundishwa kuwa 1 3/4 na 1.75 ni kitu kimoja. Kwenye matairi ya baiskeli sivyo. Tairi la 26 x 1.75 ni la rimu ya 559, na la 26 x 1 3/4 ni la rimu ya 571. Ukiona namba imeandikwa kwa sehemu na yako imeandikwa kwa desimali, rudisha tairi dukani kabla hujalichafua.

Hatua ya kwanza: soma namba mbili zenye kistari

Karibu kila tairi la miaka ya karibuni lina namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kama 37-590 au 47-559. Huo ni mpangilio wa ETRTO, jumuiya ya Ulaya ya viwango vya matairi na rimu, nao ndio uliochukuliwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Zimeandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi zimechomoza tu kwenye mpira bila rangi. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, geuza tairi kwenye mwanga, utaziona.

Namba ya pili ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokaa ndani ya rimu, kwa milimita. Hii haina mjadala. Tairi la 590 linakaa kwenye rimu ya 590 na si nyengine. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, na hapo ndipo penye nafasi ya kuchagua.

Baiskeli nyingi nilizozishika Unguja na Pemba ni za makundi haya:

- Phoenix kutoka China, Hero na Avon kutoka India, zile ndefu za breki za vyuma: 28 x 1 1/2, ambayo ni 40-635.
- Za mtumba kutoka Uholanzi: nyingi ni 28 x 1 5/8 x 1 3/8, yaani 37-622. Lakini baadhi ya zile za kizamani kule kwao nazo ni 40-635, kwa hiyo usikisie.
- Za mtumba kutoka Japani: 26 x 1 3/8 ni 37-590, 24 x 1 3/8 ni 37-540, na 27 x 1 3/8 ni 37-630.
- Za milimani: 26 x 1.75, 1.95 au 2.125, zote ni 559. Zile za 27.5 ni 584, na za 29 ni 622.
- Za mbio, zilizoandikwa 700C: 622.
- Za watoto: 20 x 1.75 ni 47-406, na 16 x 1.75 ni 47-305.

Angalia vizuri: gurudumu la 700C, la 29, na lile la 28 x 1 5/8 x 1 3/8 la Uholanzi yote yana kipenyo kimoja, 622. Majina matatu, rimu ya kipenyo kimoja. Na 28 ya Phoenix, ambayo jina lake linafanana na ile ya Uholanzi, ni nyengine kabisa, 635.

Kama rimu haina namba

Rimu nyingine zimepigwa muhuri, kwa mfano 622 x 19. Hapo kazi imekwisha: 622 ni kipenyo, 19 ni upana wa ndani. Lakini zile za chuma zilizokaa miaka katika hewa ya bahari, muhuri umeliwa na kutu. Basi pima.

Vua tairi na tyubu. Chukua kamba isiyovutika, izungushe kwenye ukingo wa nje wa rimu mzunguko mmoja, tia alama inapokutana, halafu inyooshe sakafuni uipime kwa futi. Gawa kwa 3.14, upate kipenyo cha nje. Toa milimita 12, kwa sababu midomo ya rimu huinuka kiasi cha milimita sita kila upande juu ya pale waya unapokaa. Jibu halitatoka sawasawa na namba ya kitabuni, lakini litaangukia karibu na moja wapo. Mzunguko wa karibu milimita 1,794 ni rimu ya 559. Wa 1,891 ni 590. Wa 1,992 ni 622. Wa 2,033 ni 635.

Ile 630 ya Kijapani inakaa katikati, mzunguko wake ni karibu 2,017, kwa hiyo hapo pima mara tatu na usikubali kamba legevu. Tairi la zamani kama bado unalo, limalize shaka hilo: lisugue mpaka usome.

Hatua ya pili: pima upana wa ndani wa rimu

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kupata namba ya pili sawa. Wanapima rimu kwa nje, kutoka ukuta mmoja mpaka mwengine. Upana wa nje hauhusiki. Unaotakiwa ni uwazi ulio baina ya midomo miwili ya rimu kwa ndani, pale panapobana zaidi.

Mwenye kalipa, kile chombo cha kupimia uwazi kwa milimita, aitumie. Asiyekuwa nayo achukue chelewa moja kutoka kwenye fagio, aikate kidogo kidogo mpaka ikae baina ya midomo miwili bila kupinda na bila kucheza, kisha ailaze juu ya rula ya mtoto wa skuli. Mimi mwenyewe nilianza kazi hivi na mpaka leo bado naiamini chelewa. Pima sehemu tatu tofauti za rimu, kwa kuwa rimu iliyogonga jiwe inaweza kuwa imebanwa mahali pamoja na kufunguka pengine.

Hatua ya tatu: linganisha upana

Kanuni ninayoifuata ni hii: upana wa tairi uwe baina ya mara moja na nusu na mara mbili ya upana wa ndani wa rimu. Ukivuka mbili kidogo, si maafa. Ukishuka chini ya mara moja na nusu, anza kuogopa.

Kwa hesabu za kawaida: rimu yenye upana wa ndani wa milimita 13 ivae tairi la 20 mpaka 25. Ya 15 ivae la 23 mpaka 32. Ya 17 ivae la 25 mpaka 37. Ya 19, la 28 mpaka 44. Ya 21, la 35 mpaka 50. Ya 23, la 40 mpaka 54. Ya 25, la 44 mpaka 57 au zaidi kidogo. Orodha za ETRTO zinaruhusu kwenda mbali zaidi kwa upande wa unene. Rimu ya 17, kwa mfano, imewahi kuruhusiwa mpaka tairi la 50. Mimi siendi huko. Orodha ile haikumfikiria mtu aliyepakia magunia mawili kwenye keria akiteremka kilima cha Pemba baada ya mvua ya masika.

Na nasema hivi kwa jambo lililonifika. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mchuuzi mmoja wa pweza tairi la 50 kwenye rimu ya nyuma ya 15. Aliniomba mwenyewe, anataka mpira mnene kwa ajili ya njia za mawe, na mimi niliona limeingia, nikaridhika. Siku ya tatu, kwenye kona ya mteremko, mzigo ulilalia upande mmoja, tairi likapinda juu ya ile rimu nyembamba kama kofia isiyomkaa mtu kichwani, waya ukatoka mdomoni mwa rimu na tyubu ikapasuka. Alichunika goti na mkono, na mzigo wote ukamwagika. Nilimtibisha na nikamrudishia pesa yake, lakini kile kilio chake sikukisahau. Tairi kuingia kwenye rimu si ushahidi kuwa linafaa.

Sababu yake inaeleweka ukilikata tairi kwa mawazo. Tairi nene kwenye rimu nyembamba linakuwa na umbo la balbu ya taa: shingo nyembamba, kichwa kikubwa. Kichwa kinayumba juu ya shingo kila ukikata kona. Ukiongeza upepo ili lisiyumbe, unaizulia rimu balaa jengine, kwa sababu nguvu inayovuta midomo ya rimu kwenda nje inategemea upepo na upana kwa pamoja. Tairi la 50 kwa upepo ule ule linaivuta rimu karibu mara mbili ya tairi la 25. Rimu nyembamba ya alumini iliyolika kwa breki inaweza kupasuka ukuta.

Kinyume chake, tairi jembamba kwenye rimu pana, nacho kibaya, ingawa watu hawakiogopi. Ubavu wa tairi unanyooka ukawa kama ukuta, kichwa kinakuwa bapa, na mdomo wa rimu unakaribia ardhi. Ukipiga jiwe la matumbawe kule Makunduchi au Jambiani, jiwe linaifikia rimu kabla mpira haujalimeza. Matokeo ni pancha ya matundu mawili yanayotazamana, kama meno ya nyoka, na rimu yenye bonde. Ukiona pancha ya namna hiyo mara kwa mara, usimlaumu aliyeziba. Tazama upepo, kisha tazama upana.

Jengine la kujua: tairi lile lile hubadilika upana likihama rimu. Kwa kila milimita moja inayoongezeka kwenye upana wa ndani wa rimu, tairi hutanuka kiasi cha nusu milimita au pungufu kidogo. Kwa hiyo tairi la 47 likipanda kutoka rimu ya 19 kwenda ya 25 linakaribia kuwa la 50, na hilo linaweza kugusa fremu.

Hatua ya nne: tazama nafasi kwenye fremu, foki, breki na madigadi

Kabla ya kununua tairi nene kuliko ulilonalo, zungusha gurudumu na upime nafasi iliyobaki kila upande, hasa nyuma karibu na ekseli ya pedeli, na mbele chini ya taji la foki. Ibaki angalau milimita sita kila upande tairi likishajaa upepo. Ukiishi Pemba ongeza. Ule udongo wetu mwekundu ukilowa unashikana na mpira, na tairi lililobana linasimama katikati ya njia mpaka uchukue kijiti uanze kuchokoa.

Kumbuka tairi likinenepa linarefuka pia. Kutoka 37 kwenda 47, juu ya gurudumu kunapanda kwa karibu milimita kumi. Madigadi mengi ya baiskeli za Uholanzi na Japani hayana nafasi hiyo.

Kwa Phoenix na wenzake wenye breki za vyuma, mpira wa breki unabana rimu kwa chini, upande wa spoki, si ubavuni. Kwa hivyo unene wa tairi hauisumbui breki. Kinachoisumbua ni kubadili rimu. Nimeona watu wakivisha rimu ya 622 kwa sababu matairi yake yanapatikana. Rimu hiyo ni ndogo kwa milimita 13, maana yake ukingo wake umesogea kwenye ekseli kwa milimita 6.5, na breki za vyuma hazikukusudiwa kuufuata. Kwenye breki za kubana ubavuni unaweza kushusha vipande vya breki kama tundu lao lina urefu wa kutosha. Kwenye za vyuma, baki na 635.

Uchague upana gani basi

Ukishajua rimu yako inaruhusu kuanzia wapi mpaka wapi, njia unayopita ndiyo iamue. Anayekwenda lami tu, mathalani Mjini mpaka Bububu au Mkokotoni, bila mzigo, 32 mpaka 37 inamtosha na baiskeli inakwenda nyepesi. Anayechanganya lami na njia za mashamba, kama sisi huku, achukue 40 mpaka 47. Kwa vijiji vya Paje na Bwejuu, ambako watu hupita pwani maji yakipwa, 47 inapita vizuri kwenye mchanga mbichi uliokaza, lakini mchanga mkavu wa juu unataka 50 na zaidi, tena upepo upunguzwe. Ukirudi, mwagia rimu maji baridi, yasiyo ya chumvi. Chumvi na mchanga kwenye breki vinaisaga rimu ya alumini. Ukiuwekea rula ukuta wake ukaona umebonyea ndani, ibadilishe.

Mzigo wako ukiwa mkubwa, uzito unakaa nyuma. Hakuna ubaya nyuma kuwa 47 na mbele 40, mradi kila moja inaafikiana na rimu yake.

Tyubu na kufunga

Tyubu nayo ina kipimo, kama 26 x 1.75–2.125, maana yake inafaa matairi ya 47 mpaka 57 ya rimu ya 559. Kubwa mno inajikunja ndani na kukatika kwenye mkunjo. Ndogo mno inavutika ikawa nyembamba kama puto. Tazama pia valvu: ile nyembamba ya baiskeli za mbio inapita kwenye tundu la milimita 6.5, ya aina ya gari inataka 8.5. Usiitoboe rimu nyembamba kuikuza. Rimu ya 13 haina nyama ya kupoteza.

Safisha kutu ndani ya rimu kwa msasa, na hakikisha mkanda wa rimu umefunika vichwa vyote vya spoki bila kupanda pale waya wa tairi unapokaa. Tia tyubu upepo kidogo tu, ishike umbo. Ingiza upande mmoja wa tairi wote, kisha tyubu, kisha upande wa pili ukianzia mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu. Likikaza mwishoni, rudi nyuma ukiubana waya uingie kwenye bonde la katikati ya rimu. Hapo ndipo unapopata ulegevu. Tairi la saizi yake linamalizika kwa mikono, au kwa kijiko kimoja kwa upole. Likitaka nguvu za watu wawili, simama usome namba tena. Na likiingia lenyewe kama bangili kubwa kwenye mkono wa mtoto, simama pia: huenda ni la 590 kwenye rimu ya 559, na upepo ukifika kati litaruka.

Jaza nusu, kisha zungusha gurudumu ukitazama ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye ubavu wa tairi karibu na rimu. Uwe umbali sawa pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, paka maji ya sabuni, vuta kwa mkono, jaza tena. Halafu maliza upepo kwa kufuata namba iliyoandikwa ubavuni, ya chini na ya juu. Kwa mtu wa kiasi na mzigo mdogo, mimi huweka tairi la 37 kwenye psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 50 mpaka 60, la 47 kwenye 40 mpaka 50, na la 50 au zaidi kwenye 30 mpaka 45. Rimu za kizamani za midomo iliyonyooka, zisizo na kikunjo cha kulishika tairi, usizipandishie upepo mwingi hata kama tairi linaruhusu.

Yule kijana wa karafuu alirudi mjini na kipande cha karatasi nilichomwandikia: 37-590. Alasiri alikuwa keshafunga. Rimu yake tulipima kwa chelewa, ikatoka 20. Nikamtilia namba zote mbili kwa rangi nyeupe chini ya fremu, karibu na pedeli, mahali pasipofikiwa na mchanga, ili mara nyingine akitumwa mdogo wake dukani azisome hapo hapo.